Siku moja maishani mwangu: Jumanne ya uamuzi wa riba

Mimi ni mtayarishaji wa kipindi cha uchumi katika redio moja ya hapa Mombasa. Siku ninayoieleza ni Jumanne, tarehe 6 Agosti 2024, siku ambayo Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu ya Kenya ilikutana kuamua kiwango cha riba cha benki hiyo, kile kinachoelekeza riba za mabenki ya biashara. Kamati hiyo hukutana kila baada ya miezi miwili, na siku ya kikao kazi yangu huanzia sokoni.

Saa kumi na mbili unusu asubuhi nilikuwa Kongowea. Malori ya mboga yalikuwa yameshashusha mizigo, wachukuzi wakipishana na magunia mgongoni, na wauzaji wa jumla wakipatana bei na wenye vibanda vya mitaani. Mimi huandika bei za bidhaa zile zile kila mara: nyanya, vitunguu, viazi, unga, mafuta ya kupikia, kisha samaki. Takwimu rasmi za mfumuko wa bei hutolewa na Shirika la Taifa la Takwimu kila mwisho wa mwezi, nami sina nia ya kushindana nazo. Nataka tu nitakapozisoma hewani nijue zinagusa nini katika kikapu cha msikilizaji. Benki Kuu nayo, kabla ya vikao vyake, hufanya tafiti: huwauliza wakuu wa makampuni, mabenki na watu wa sekta ya kilimo wanaonaje mwelekeo wa bei. Tafiti hizo nazithamini sana, kwa kuwa matarajio yenyewe hupandisha bei. Muuzaji anayeamini kwamba mwezi ujao atanunua ghali huanza kuuza ghali leo.

Bi mmoja muuza samaki aligeuza changu wawili mbele yangu, akanifunulia mashavu nione wekundu wake, kisha akanitajia bei iliyonishtua. "Ni kusi, mwanangu," akasema. "Vyombo vidogo haviendi mbali." Kusi ni upepo wa kutoka kusini, na ndivyo ilivyo kila Agosti: bahari huchafuka, samaki huadimika, na hakuna kiwango cha riba kitakachoituliza. Hapo ndipo ugumu wa kazi ya kamati ulipo, maana inapaswa kutenganisha bei zinazopandishwa na upepo, mvua au mafuta ya magari, na zile zinazopanda kwa sababu matumizi yamezidi bidhaa zilizopo. Riba huzifikia hizo za pili, kwa kuwa mkopo ukiwa ghali watu hupunguza matumizi. Za kwanza huweza tu kuzizuia zisiambukize bei nyingine zote.

Kufikia saa tatu nilikuwa ofisini nikipanga mtiririko wa bei na riba wa miaka miwili iliyopita, kwa sababu uamuzi wa siku moja hauna maana ukisomwa peke yake. Mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.6 mwezi Oktoba 2022, wakati lengo la Serikali ni asilimia 5, pamoja na nafasi ya asilimia 2.5 juu au chini yake. Riba ya Benki Kuu, iliyokuwa asilimia 7 mwanzoni mwa 2022, ilipandishwa hatua kwa hatua hadi asilimia 13 Februari 2024. Katika kipindi hicho shilingi ilidhoofika hadi dola moja ikawa karibu shilingi 160 mwezi Januari 2024, na sisi tunaoishi kando ya bandari ya Kilindini tuliiona athari hiyo mapema, kwani ngano, mchele na mafuta ya kupikia hununuliwa kwa dola kabla ya kushushwa gatini. Baadaye shilingi ilijikaza hadi karibu 130. Mfumuko wa Julai 2024 ulikuwa asilimia 4.3.

Baada ya sala ya adhuhuri na chakula cha haraka, nilirudi kusubiri.

Taarifa ilipotufikia, niliisoma kuanzia sababu kabla ya kurudi kwenye tarakimu. Riba ilikuwa imeshushwa kwa robo ya asilimia, kutoka 13 hadi 12.75, na hilo lilikuwa punguzo la kwanza tangu Aprili 2020. Mwenzangu kijana alikuwa ameshaandika kichwa cha habari: "Mikopo yashuka." Nilimwita tukae chini. "Kaka, nani ameshusha mkopo?" nikamuuliza. Benki Kuu imeshusha kiwango chake. Mabenki ya biashara bado yanawalipa wenye amana riba waliyokubaliana nao zamani, na hati za Hazina, ambazo Serikali huziuza ili kukopa, bado zinawavutia wenye fedha kwa faida kubwa. Uamuzi huu huchukua miezi kumfikia mkopaji. Tukaandika hivi: "Benki Kuu yapunguza riba yake, nafuu kwa wakopaji itategemea mabenki." Si kichwa cha kusisimua, lakini mtu anaweza kupangia biashara yake.

Naamini kwa dhati kwamba kumpa msikilizaji tarakimu bila njia inayopitia ni kumdhulumu, kwa sababu kesho atakwenda benki kudai kitu ambacho hakijafika.

Kipindi kilianza saa mbili usiku. Mwendesha bodaboda wa Likoni alitaka kujua iwapo malipo ya pikipiki yake yangepungua. Nilimwomba autazame mkataba wake, kwa kuwa riba isiyobadilika hubaki ilivyo hadi mkopo uishe. Mwalimu mmoja wa Kisauni alikumbusha kwamba zamani sheria ilizibana benki. Ni kweli: kuanzia Septemba 2016 hadi Novemba 2019 riba ya mikopo haikuruhusiwa kuzidi ile ya Benki Kuu kwa zaidi ya asilimia 4. Lakini benki nyingi ziliwanyima mikopo wafanyabiashara wadogo walioonekana wa hatari, wengi wao wakaishia kwenye mikopo ya simu, ambayo ni ghali zaidi. Mwingine akauliza kwa nini Rais asiamuru tu riba ishuke. Nikamsomea maana ya kifungu cha 231 cha Katiba ya 2010: Benki Kuu haielekezwi wala kudhibitiwa na mtu au mamlaka yoyote katika kutekeleza kazi zake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema angependa basi kuwajua wanaokaa kwenye kamati hiyo, na nikaona ni haki yake. Nikamweleza kwamba Gavana ndiye mwenyekiti, na kwamba wamo pia wajumbe kutoka nje ya benki pamoja na mwakilishi wa Hazina.

Saa nne usiku, kabla ya kufunga studio, niliandika maswali ya mgeni wetu wa Alhamisi, afisa wa mikopo: je, benki yake hupitia upya riba ya wakopaji wa zamani baada ya muda gani, na je, huwajulisha kwa maandishi?