Mgongo wa Mbega

Nimerudi jana usiku kutoka Tana. Matope yamekauka kwenye viatu, bado sijayatoa.

Mtumbwi ulikuwa gogo moja la kuchongwa, na kutoka ukingoni hadi majini hapazidi vidole vinne. Mto rangi ya chai ya maziwa. Nikainama kunawa. Mzee aliyekuwa akisukuma kwa upondo hakunigeukia hata: "Mama, hapo usitie mkono." Nikaurudisha upesi. Mamba sikumwona siku nzima, na wala sina kinyongo.

Nilimfuata mbega mwekundu wa Tana. Kwingine kokote duniani hayupo, ila kwenye vipande vya msitu kandokando ya mto huu huku chini, yeye na jirani yake mangabe, aina nyingine ya kima. Hifadhi ilitengwa mwaka 1976 kwa ajili yao. Mimi nilishajichorea msitu mnene usio na mwisho. Kumbe ni utepe tu: unatembea chini ya mikuyu, kivuli kinaanza kukukolea, mara umeshatokea nyikani, jua la utosi na mbuzi.

Mbega tuliwakuta kwenye mkuyu ulioinamia shamba la migomba, mikia inaning'inia kama kamba za kuanikia nguo. Mmoja alikaa chini kidogo, nikamwona vizuri alivyovuta tawi: vidole vinne vimejikunja kama kulabu, na pale pa gumba pana kijinundu tu. Utosi rangi ya kutu. Anachuma majani machanga, anatafuna, ananitazama kama abiria anayesubiri matatu ijae. Nilipotoa simu akageuka. Picha niliyo nayo ni ya mgongo.

Mangabe walikuwa chini kwenye mikindu, wanagombania matunda, na walipotusikia wakatimka kwa makelele. Mzee akasonya. "Yule wa juu hula majani yake, hana neno na mtu. Hawa ni wezi wa mahindi." Na mikindu yenyewe ina wenyewe: wanawake wa kijijini huchuma ukindu hapo wa kusukia mikeka.

Nikamwuliza kama msitu unapungua. Hakujibu moja kwa moja. Alinionyesha mstari wa matope kwenye shina, unanipita kiuno. Maji yakija hivyo, akasema, shamba limekwenda. Yasipokuja, miti michanga haioti. Zamani mto ulikuwa na msimu wake, watu wakijua wapande lini na wahame lini. Tangu yajengwe mabwawa kule juu, Masinga na mengine, hata yeye aliyezaliwa hapa hawezi kuusemea.

Habari za hifadhi alizigusa kidogo tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuzirudia. "Sisi tulikuwepo kabla yake." Mwaka 2007 Mahakama Kuu iliamua kwamba haikuanzishwa kwa utaratibu. Nilitaka kumwuliza imebadilisha nini, lakini alikuwa ameshatangulia, anaondoa miiba njiani ili nipite.

Tukivuka kurudi akaniuliza Mombasa tuna nyani gani. Nikamwambia tumbili, wanaingia jikoni kwangu dirishani kuiba mkate. Alicheka mpaka mtumbwi ukayumba. Nikashika ukingo kwa mikono miwili, vidole vyote ndani.