Siku moja ya mnunuzi wa mwani, Kaledupa

Nikituma picha nyumbani, jibu ni lile lile: "Umebahatika, unaishi Bali." Siishi Bali. Kutoka hapa hadi Bali unapanda boti, halafu ndege, halafu ndege nyingine. Mimi niko Kaledupa, mkoa wa Sulawesi Kusini-Mashariki, Indonesia, jirani na visiwa vya Wangi-Wangi, Tomia na Binongko. Nimeolewa huku, na ninafanya kazi ambayo kijiji kizima kinaisema: nanunua mwani.

Saa kumi na nusu alfajiri. Adhana imeshatoka. Unguja muda huu ni saa tano na nusu usiku, kwa hiyo nawahi ujumbe wa dada zangu kabla hawajalala. Jikoni mama mkwe ameshapika kasoami: muhogo uliokunwa, ukakamuliwa hadi ukabaki chicha tupu, ukapikwa kwa mvuke mpaka ukatoka na umbo la kawa. Hauna tui. Mwanzo ulinishinda, sasa nikikosa wali siku tatu sishtuki.

Saa kumi na mbili. Nafungua ghala na kuandika bei ubaoni: rupia 12,500 kwa kilo ya mwani mkavu. Bei siipangi mimi. Naletewa kwa simu na tajiri wa mji wa Bau-Bau, naye kaletewa na wa mji wa Makassar, na huko mbele kabisa mnunuzi mkubwa ni China. Mkononi mwangu inabaki rupia 500 kwa kilo, na humo humo natoa magunia, uzi na vibarua. Mwaka 2022, bei ilipopita 30,000, watu walijenga kwa matofali wakanunua na injini mpya za mashua. Mwaka uliofuata ikaporomoka, na aliyetukanwa si mchina wala wa Makassar. Alitukanwa aliyeshika mizani.

Saa mbili hadi saa tano. Kupima, kuandika, kushona magunia. Wabajo wa Sampela, kabila la watu wa bahari ambao nyumba zao zimesimama juu ya bahari, wamekuja na mashua mbili zimejaa, wamepima, wamenicheka Kiindonesia changu na wamekwenda zao.

Saa tano. Akaja Nenek.

Nenek maana yake ni bibi, na huku kila bibi ni bibi yake mume wangu, lakini huyu ni bibi yake kweli, dada wa babu yake. Kaja na kijukuu kinachosukuma mkokoteni na magunia mawili. Nikafungua la kwanza. Juu mwani safi kabisa. Nikazamisha mkono mpaka kiwiko, nikatoa wa katikati.

Mwani mkavu ukiufumbata unakuchomachoma, ukiuachia unafumuka, na chumvi nyeupe inapukutika. Huu uligandamana. Nilipofungua kiganja ulikuwa na alama za vidole vyangu, na kiganja kimelowa.

"Nenek, huu wa chini bado."

"Umande tu huo, Nak," yaani mwanangu.

Mwezi wa Agosti, upepo wa mashariki unavuma mchana na usiku, umande upi huo unaofika katikati ya gunia? Sikusema hivyo. Nilisema nitakata kilo nne kwa magunia yote mawili, au aurudishe akauanike siku moja zaidi.

"Bibi yako wa Afrika naye ungemkata?"

Nikamwambia mama yangu kule kwetu Paje, Unguja, kalima mwani tangu mimi mdogo, na yeye alikatwa kilo na wanunuzi mpaka akazoea. Nilidhani nimemaliza maneno. Kumbe nimemfungulia mlango. "Basi unajua uchungu wake na bado unakata!" Akapanda juu ya mizani, akakaa. Miguu kakunja, kitambaa cha kichwa kakiweka sawa. "Nipime na mimi. Mimi ni mkavu."

Kilo 41. Foleni yote ikaangua kicheko, na mimi mwenyewe nikageuka nisionekane. Lakini alikuwa hashuki. Nikamweleza kwamba kiwanda kinataka maji yasizidi kama asilimia 35, na wakikuta gunia moja bichi wanashusha bei ya shehena nzima, sio la kwake tu, na la huyu nyuma yake, na la yule. Akanijibu kwamba kiwanda hakimjui yeye, na yeye hakijui. Nikamletea chai. Akanywa huku kakaa juu ya mizani.

Shida yenyewe haikuwa umande. Kwenye daftari langu ana deni la kamba na la mchele, na mjukuu anatakiwa sare ya shule. Angesubiri siku moja zaidi ya jua angekuja na mwani mzuri, ila sare haisubiri. Wanaosema sisi wanunuzi tunawafunga watu kwa madeni hawajakosea sana. Ila benki haimkopeshi Nenek kamba, na mimi namkopesha. Tukamalizana kwa kilo tatu. Aliposhuka aliwaambia waliobaki, kwa sauti, kwamba mgeni kaja na mizani yake. Mizani ni ya kaka yake marehemu, tumeirithi.

Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Vumbi la chumvi limeingia machoni, mgongo umekataa. Mashua ya mizigo ya kwenda Bau-Bau haijaonekana kwa sababu ya mawimbi, na ghala limejaa hadi mlangoni. Nje vijana wanafunga vitambaa vyekundu na vyeupe kwa ajili ya sherehe za uhuru za tarehe 17. Mmoja wao ni mtoto wa wifi yangu. Kamaliza sekondari na anataka kwenda Morowali, Sulawesi ya Kati, kwenye viwanda vya nikeli, kama wenzake. Wifi ananitaka nimshawishi abaki alime mwani.

Nimwambie nini? Kule Paje ule mwani wa bei nzuri, kotoni, ulikufa maji yalipopata joto, wanawake wakabaki na spinosamu wa bei ndogo. Huku nao kuna misimu matawi yanageuka meupe na kukatika, mtu anavuna kamba tupu na chupa za kuelea. Papo hapo, kwenye kisiwa hiki ndiko chakula kinatoka baharini bila kununua, na nyumba haina kodi. Nilimwambia asome mkataba wa huko kabla ya kusaini, hasa saa za kazi. Wifi kaninunia.

Usiku mtandao umerudi na ujumbe wa tajiri ukaingia: kuanzia kesho ni 12,000. Magunia ya leo nimeyanunua kwa 12,500 na bado yamelala ghalani, yaani zile 500 zangu za kilo zimekwenda zote. Nimefuta ubao, nimeandika bei mpya. Mume wangu ameuliza nani atamwambia Nenek, maana ana kamba nyingine za kuvuna wiki hii.

Nimemjibu kwamba yule ni bibi yake, si bibi yangu.