Nilivyowapata vibyongo wa Callot kwenye shaba

Ukitaka kuwaiga vibyongo wa Jacques Callot, mchoraji wa zamani aliyechora watu wa kuchekesha wenye nundu kwenye mabamba ya shaba, usihangaike sana na pua wala nundu. Bamba hupakwa varnishi, mchoro hukwaruzwa juu yake, tindikali hula shaba pale palipokwaruzwa, kisha bamba hupakwa wino na kuchapwa karatasini. Kazi iko kwenye tumbo. Mstari mmoja unaanza chini ya kifua ukiwa mwembamba kama unywele, unanenepa unapobeba kitambi, halafu unakonda tena kabla ya kufika pajani. Sindano ya kawaida inatoa unene uleule mwanzo hadi mwisho, na kibyongo anatoka mkavu, hachekeshi wala hatishi.

Callot alizaliwa Nancy, mji ulioko Ufaransa ya leo, mwaka 1592, akafanya kazi Florence, Italia, chini ya familia ya watawala ya Medici. Jalada la vibyongo wake limeandikwa 1616, ingawa inaaminika mengi ya mabamba aliyachora baada ya kurudi kwao mwaka 1621. Ni vipicha vya kufunika kwa kiganja. Alitumia chuma cha mviringo kilichokatwa mshazari, chenye uso wa umbo la yai. Ukikizungusha kidogo vidoleni, mstari unapanuka au kubana.

Mimi nilichukua biti ya drili iliyovunjika, nikainoa upande wa shina kwa mshazari kwenye jiwe la mafuta, nikaichomeka kwenye mpini wa mbao. Mazoezi yangu yalikuwa matumbo matupu, bamba zima, bila kichwa wala miguu. Mkono ulipozoea ndipo nikamchora yule anayekwaruza wavu wa kuchomea nyama akijifanya anapiga fidla (kwangu ndiye bora kuliko wote). Nondo za wavu nilizichora kwa sindano, mwili kwa kile chuma. Unyoofu wa nondo ukamfanya mwenyewe azidi kupinda.

Varnishi nayo ina neno. Ile ya nta hubanduka kingoni, tindikali ikapenya pasipotakiwa. Callot alitumia varnishi ngumu ya mafundi wa kutengeneza vinanda vya nyuzi (luti), ya mafuta ya kitani na utomvu wa mastiki, inayokaushwa kwa moto. Kwa sababu haibanduki, bamba linaweza kurudi kwenye tindikali tena na tena. Badala ya tindikali nilitumia feriki kloraidi, ileile ya mafundi wa saketi. Baada ya kuzamisha mara ya kwanza niliziba uso na vidole kwa varnishi, nikarudisha bamba ili tumbo na kivuli cha miguuni viliwe zaidi. Kwenye chapa, uso umetoka hafifu na kitambi cheusi kimesogea mbele, kinamtangulia mwenyewe.