Jinsi nilivyoandaa seva ya Linux kwa ajili ya Oracle 19c mjini Mtwara

Ofisi niliyoifanyia kazi hii mjini Mtwara hutunza taarifa za korosho zinazopokelewa maghalani chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, na kwa muda mrefu taarifa hizo zilikuwa zimetawanyika katika majedwali ya Excel kwenye kompyuta za wahasibu. Nilipoitwa, uamuzi wa kuhamia Oracle Database 19c, programu ya kutunza hifadhidata, ulikuwa umeshapitishwa, leseni imelipiwa na seva yenye RAM ya GB 32 imeshafika. Kilichobaki ni kuiandaa mashine hiyo ili programu isakinishwe kabla ya Oktoba, mwezi ambao minada ya korosho huanza na hakuna mtu ofisini mwenye nafasi ya kumsikiliza fundi.

Miongozo mingi ya kazi hii huandikwa kana kwamba kila msomaji ana intaneti ya kasi isiyokatika. Faili la Oracle 19c peke yake linakaribia GB 3, na viraka, yaani masahihisho ya programu yanayotolewa kila robo mwaka, vina uzito wake. Wakazi wa Kusini hawajasahau Mei 2024, pale kimbunga Hidaya kilipofuatiwa na kukatika kwa barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, na siku chache baadaye nyaya za baharini za EASSy na Seacom nazo zikapata hitilafu, tukawa hatuna njia ya gari wala ya mtandao. Kwa hiyo niliamua kwamba seva hii itaandaliwa bila kutegemea intaneti hata kidogo, na uamuzi huo ndio uliopanga hatua zote zilizofuata.

Nikiwa Dar es Salaam nilipakua kwenye diski ya nje faili la ISO (nakala ya diski ya usakinishaji) la Oracle Linux 8, faili la hifadhidata, kiraka cha karibuni pamoja na OPatch mpya, programu inayoweka viraka, na pakeji (furushi la programu) iitwayo oracle-database-preinstall-19c pamoja na pakeji zote inazozitegemea. Hapa pana jambo dogo linaloweza kumkwamisha mtu aliye mbali: amri ya dnf download ya kupakulia pakeji ikipewa --resolve peke yake huziruka pakeji ambazo tayari zimo katika mashine unayopakulia, ilhali huenda hazimo katika seva unayokwenda kuiandaa. Ukiongeza --alldeps unapata mzigo kamili. Kisha nililinganisha alama ya sha256, inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, ya kila faili na ile iliyochapishwa na Oracle, kwa sababu faili lililoharibika njiani halijulikani kwa kulitazama.

Diski niliigawa kwa LVM, mfumo wa Linux wa kugawa diski, wakati wa kusakinisha Linux yenyewe. Oracle huagiza nafasi ya swapu, sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa, ilingane na RAM kwa mashine yenye GB 2 hadi 16, na mashine yenye RAM zaidi ya hapo ipewe GB 16. Yetu ikapata 16. Programu ya hifadhidata inahitaji takribani GB 7.2, lakini viraka huongezeka mwaka hadi mwaka na kila kimoja huacha nakala ya mafaili ya zamani, hivyo /u01 niliipa GB 100. Data ilikaa /u02 na nakala rudufu /u03, kila moja katika diski zake. Mazingira ya picha sikuyaweka kabisa, kwani seva haina haja nayo.

Baada ya hapo niliunganisha ISO kama hazina ya pakeji ya ndani, nikielekeza dnf kwenye saraka za BaseOS na AppStream, na kusakinisha ile pakeji ya maandalizi. Kazi inayoifanya ni kubwa: inamuunda mtumiaji oracle na vikundi vyake, kuanzia oinstall na dba hadi backupdba na racdba, inaandika vigezo vya kerneli, kiini cha Linux, na inaweka mipaka ya rasilimali za mtumiaji huyo katika saraka ya limits.d. Wapo mafundi wanaopenda kuyaandika haya yote kwa mkono. Mimi sioni faida yake, ila naona hasara ya kuiacha pakeji ifanye kazi bila kuikagua, na ndiyo maana nilikaa na daftari nikinakili kila kigezo na thamani yake. Mhasibu mkuu, mama mtu mzima ambaye meza yake inatazamana na chumba cha seva, alinivumilia hadi mchana, kisha akaniuliza, “Mwanangu, mashine inaunguruma tangu asubuhi, mbona wewe unaandika daftarini tu?” Nikamjibu, “Mama, hiki ninachoandika ndicho kitakachofanya isituzimikie katikati ya mnada.” Akacheka, akaniletea chai.

Vigezo vyenyewe vina mantiki ukivisoma kwa utulivu. Kigezo cha kernel.shmmax, kikomo cha kipande kimoja cha RAM ya pamoja, kimewekwa 4398046511104 na kernel.shmall, kikomo cha jumla yake, 1073741824, na mtu anaweza kudhani cha pili ni kidogo mno. Cha kwanza huhesabiwa kwa baiti na cha pili kwa kurasa, yaani vipande vya RAM, za KB 4, hivyo vyote viwili ni TB 4 ileile. Vivyo hivyo kernel.sem, yenye namba 250, 32000, 100 na 128: seti 128 zenye semafori (ishara za kupanga zamu za michakato) 250 kila moja ndizo zinazozaa jumla ya 32000. Kigezo cha fs.file-max, kikomo cha mafaili yanayofunguliwa kwa pamoja, ni 6815744, na milango ya mtandao ya muda huanzia 9000 hadi 65500. Kisha niliingia kama mtumiaji oracle na kuuliza ulimit -Hn, yaani kikomo cha mafaili anayoweza kuyafungua, nikapata 65536, kwa sababu mpaka ulioandikwa katika faili hauna maana kama haujamfikia mtumiaji mwenyewe.

Sehemu ya kurasa kubwa za RAM pakeji haiigusi, nami naiona kuwa ndiyo yenye uzito kuliko zote. Tulipanga kuipa hifadhidata eneo la pamoja, yaani SGA, la GB 16. Kwa kurasa za kawaida za KB 4, eneo hilo ni kurasa 4194304, na kila mchakato unaolitumia lote huhitaji jedwali lake la kurasa lenye baiti 8 kwa kila ukurasa, yaani MB 32. Wakiingia watumiaji 100 kwa pamoja, kama inavyotokea siku ya mnada, majedwali peke yake yanaweza kula zaidi ya GB 3 za RAM bila kuhifadhi hata kilo moja ya korosho. Kwa kurasa za MB 2 zinatosha 8192, na michakato huweza kushirikiana majedwali yake. Niliweka vm.nr_hugepages kuwa 8200 ili ibaki ziada kidogo, na nikamwandikia atakayeunda hifadhidata asitumie MEMORY_TARGET, kwa kuwa haipatani na kurasa hizi.

Kurasa hizo zisichanganywe na zile ambazo Linux hujipangia yenyewe, Transparent HugePages, ambazo Oracle hushauri zizimwe kwa sababu huleta ucheleweshaji usiotabirika. Pakeji ya maandalizi huandika transparent_hugepage=never katika mipangilio ya kuwashia mashine, lakini agizo hilo haliwi kweli mpaka seva iwashwe upya. Niliiwasha upya na kusoma faili la /sys/kernel/mm/transparent_hugepage/enabled. Mabano ya mraba yalikuwa yamelizunguka neno never, na katika /proc/meminfo kurasa 8200 zilikuwa zimetengwa.

Yaliyosalia yalikwenda haraka. Jina kamili la seva liliandikwa katika /etc/hosts pamoja na anwani yake isiyobadilika, saa ikawekwa Africa/Dar_es_Salaam, na mlango 1521, ambao Oracle husikilizia, ukafunguliwa kwa mtandao wa ofisi pekee. SELinux, ulinzi wa ndani wa Linux ambao wengi hukimbilia kuuzima, niliiacha ikifanya kazi na haikuleta tatizo. Saraka ya /u01/app/oracle/product/19.0.0/dbhome_1 ilikabidhiwa kwa mtumiaji oracle na kikundi oinstall, na faili la programu likafunguliwa humohumo, kwani tangu toleo la 18c mahali unapolifungulia ndipo panapokuwa makazi ya kudumu ya programu.

Kisakinishi cha 19.3 hakilitambui Oracle Linux 8, hivyo kabla ya kukiita niliweka CV_ASSUME_DISTID kuwa OEL7.8, ili kiichukulie mashine kama Oracle Linux 7.8. Nilikiendesha kwanza kwa -executePrereqs, ambayo hukagua mashine bila kusakinisha chochote, kisha kwa -silent, yaani bila madirisha, na -applyRU ili kiraka kiingie pamoja na programu, maana ni kuanzia 19.7 ndipo hifadhidata hii inapokubaliwa rasmi juu ya Oracle Linux 8. Umeme ulikatika mara moja tukiwa katikati. UPS ikashikilia hadi jenereta ilipochukua mzigo, na kazi haikusimama. Mwishoni niliendesha orainstRoot.sh na root.sh kama msimamizi mkuu, nikawasha lisena, huduma inayopokea maombi ya kuunganishwa na hifadhidata, na kutoka kwenye kompyuta ya mhasibu mkuu nikapiga tnsping, amri ya kujaribu kama lisena inafikika. Jibu lilirudi papo hapo, nami nikamkabidhi nakala ya kurasa za daftari langu aziweke katika faili la seva, kwa ajili ya fundi atakayeweka kiraka cha robo mwaka itakayofuata.