Gunia la nne

Kipupwe kile, shule zilipofungwa, nilikwenda Kibaigwa kukaa kwa kaka yangu, mtoto wa mjomba, aliyekuwa na mkokoteni wa kubebea mizigo sokoni. Mahindi ya Kongwa na Kiteto yalikuwa yakiingia kila siku, malori yamejipanga kando ya barabara kuu ya Dodoma–Morogoro, vumbi haliishi mpaka jioni. Yeye alikaa mbele katikati ya mikono miwili ya mbao, akivuta. Mimi nilisukuma nyuma.

Mkokoteni wenyewe ulikuwa mbao, ekseli ya gari kuukuu na magurudumu mawili; nakisia kilo 60 hivi. Ukiwa mtupu niliugusa tu, ukaondoka. Ghalani tukapakia magunia 3 ya lumbesa, yale yanayojazwa mpaka yakaota kilemba juu. Nikausukuma kwa nguvu ileile, na kwa muda niliona kama nasukuma ukuta. Kisha ukaanza kujivuta, polepole mno.

"Usiupige kumbo, dogo," kaka alisema bila kugeuka. "Uegemee tu. Utaondoka wenyewe."

Darasani mwalimu alikuwa ameshatuandikia F = ma: kani (nguvu ya kusukuma au kuvuta) ni tungamo (kilo za kitu) mara mchapuko (kasi ya kubadilika kwa mwendo). Niliijua ya kujibia mtihani. Pale ghalani ndipo ilipoingia miguuni. Hata nikilihesabu kila gunia kilo 100 kamili (lumbesa huzidi), mzigo na mkokoteni ni kilo 360, mara 6 ya mkokoteni mtupu. Kani ikibaki ileile, mchapuko unakuwa sehemu moja ya sita. Ukishashika mwendo, kazi inapungua, kwa sababu hapo hulazimiki tena kuuongezea mwendo; unapambana na msuguano na mchanga tu.

Mbele ya ghala palikuwa na mteremko mfupi wa kushukia sokoni. Hatujafika hata katikati, kaka akainua mikono ya mkokoteni juu, mkia ukashuka, na kipande cha tairi kilichopigiliwa nyuma kikaanza kukwaruza ardhi. Njia ilikuwa nyeupe. Sikuona sababu ya kufunga breki.

Ghafla mtoto akachomoka kati ya malori mawili akikimbiza ringi ya baiskeli kwa kijiti. Kaka hakupiga kelele wala hakuruka. Mwendo ulikuwa umeshakatika, akaiinua zaidi kidogo ile mikono, mkokoteni ukasimama hatua chache kutoka kwa mtoto. Yule akapita na ringi yake, hata hakututazama.

"Kaka, ulikuwa umemwona?"

"Ningemwonea wapi? Pale kati ya malori hutokea mtu kila siku. Mzigo huu unauzuia mapema, au huuzuii kabisa."

Jioni nilichukua daftari nikakaa mlangoni. Nilitaka kujua mapema ile ina thamani gani. Tuseme tulikwenda mita 1.5 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Kusimamisha kilo 360 kwa sekunde 3 kunahitaji kani ya nyutoni 180, na mkokoteni utasogea mita 2 na robo kabla ya kutulia. Kuusimamisha kwa sekunde 1 kunahitaji nyutoni 540, karibu sawa na uzito wa mtu mzima wa kilo 55. Kwa nusu sekunde, nyutoni 1,080. Na hiyo ni kwenye tambarare. Kwenye mteremko mzigo wenyewe unavutwa chini, kwa hiyo unatakiwa kuzidisha hapo. Isaac Newton alizichapisha kanuni zake za mwendo mwaka 1687, na kaka, ambaye hakuwahi kufika sekondari, alizitumia kila siku kwa mabega yake. Hakuwa na nguvu za kuzuia nyutoni elfu. Hakuna mvuta mkokoteni aliye nazo. Alichokuwa nacho ni zile sekunde, na alizichukua kabla hajazihitaji.

Niliheshimu sana kazi ile tangu jioni hiyo. Bado naiheshimu, na huwa nawakasirikia madereva wanaomchomekea mvuta mkokoteni mbele yake wakidhani atasimama papo hapo kwa sababu anakwenda taratibu.

Kesho yake tajiri mmoja alitaka tuongeze gunia la nne, tumalize mara moja.

"Si mteremko huo?" alisema. "Mnashuka tu!"

"Ndiyo maana, bosi," kaka akamjibu. "Hilo tutalirudia."

Nami kichwani nikapiga: kilo 460, nyutoni 690 za kusimama kwa sekunde 1, na tairi ya nyuma ni ileile, na kaka ni yuleyule. Tajiri alinung'unika kidogo, lakini alikuwa akilipa kwa gunia, si kwa safari, kwa hiyo hakupoteza kitu. Tukashuka na yale 3, kisha tukalipandia la nne.