Siku yangu Wete: kanzu, sindano na ujumbe wa shemeji

Saa 11:30 alfajiri. Najitoboa kidole kupima sukari ya damu: 9.4. Si haba, maana jana kwa dada nilikula mkate wa ufuta bila haya. Kichupa cha insulini, dawa yangu ya kisukari, kimo kwenye chungu kidogo, nacho kimo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga wenye maji ili kisipate joto. Naugusa mchanga, umeanza kukauka. Naumwagia kikombe. Vichupa vya akiba viko kwenye friji ya jirani.

Saa 2. Kibandani. Msimu wa karafuu, mikeka imejaa kila uwanja na harufu inaingia hadi kwenye vitambaa.

Saa 4. Shemeji wa Unguja kanitumia ujumbe: "Kisukari kimepata dawa!" Nausoma mara mbili. Kumbe ni yale majaribio yaliyotangazwa 2025: watu 12 wa aina ya kwanza, kama mimi, waliingizwa kwenye ini seli za kutengeneza insulini zilizooteshwa maabara. Baada ya mwaka, 10 hawakuhitaji sindano. Ila lazima wameze dawa za kushusha kinga, la sivyo mwili utaziua seli mpya kama ulivyoziua za mwanzo. Kwa hiyo unaacha sindano, unabeba hatari ya maradhi mengine. Sicheki lakini. Kabla ya 1922, mtoto mwenye ugonjwa huu alinyimwa chakula ili aongeze siku tu. Januari ya mwaka huo, huko Toronto, Leonard Thompson wa miaka 14 akachomwa insulini, wa kwanza. Mimi nilianza nikiwa na 12.

Saa 7:20. Nimechelewa kula, kanzu ya harusi inasubiriwa. Mikono inatetemeka, jasho la baridi, uzi hauingii tunduni. 3.2. Nafungua soda niliyoificha chini ya cherehani.

"Weye si ukatazwa sukari?" anauliza muuza samaki.

Kumweleza mtu kwamba sukari imeshuka, na wewe huku ulimi mzito, ni kazi. Nakunywa nusu chupa, nangoja dakika 15. 5.8. Halafu naiona kanzu: mkono mmoja nimeushona ndani nje. Nafumua.

Saa 11 jioni. Nahesabu vijiti vya kupimia: vimebaki 6, na kliniki ni wiki ijayo. Nilitakiwa nipime mara 4 kwa siku; leo nimeshapima 3, na usiku nitakisia.

Saa 3 usiku. Sindano ya kulalia. Namjibu shemeji: "Habari njema. Hebu kaniulizie Darajani, boksi la vijiti bei gani?"