Mwezi ukitoka mweupe kama sahani kwenye picha

Hapo kamera imejipimia mwanga yenyewe: imeona anga jeusi tele, ikaongeza mwanga, mwezi ukaungua, yaani ukazidiwa na mwanga. Weka kwa mkono: ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/11, shata (muda wa kupokea mwanga) sekunde 1/125. Usishangae kasi hiyo, uso wa mwezi unapigwa na jua lile lile la mchana. Lenzi iwe ya kuvuta mbali, ianzie milimita 300, kamera ikae kwenye stendi, na taima iwe sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Fokasi nayo kwa mkono, ukiwa umekuza picha kwenye skrini. Na jamani, msingoje mwezi mpevu! Nusu mwezi ndio mtamu: pale mwanga unapokutana na giza, vivuli virefu vinachora kingo za kreta, yale mashimo ya mwezini, moja moja. Mwezi mpevu unamulikwa usoni moja kwa moja, vivuli vinapotea, unatoka bapa.